Kondoo Niliyekuchinjia

Naserian,

Salamu sikuandikii. Tumelala nyumba moja, tumeamka nyumba moja, na asubuhi umenipita uani na ndoo ya maji bila hata shikamoo. Leo siku ya sita. Basi na mimi salamu zangu nazishika; utazikuta mwisho wa barua, kama utafika mwisho.

Umeenda Endamarariek kuwaaga ndugu wa baba yako, na mvua hii itakuchelewesha. Nimefunga kibanda cha maziwa mapema, wateja wakute komeo, ili niandike kabla hujarudi. Ukikaa mbele yangu na huo mdomo ulioununisha, siwezi kusema jambo likafika mwisho. Nitagomba tu. Na kesho alfajiri basi la kukupeleka chuo Mbeya halitasubiri tumalize kugombana.

Nimekukasirikia, na sitaki ujifanye hujui. Jumapili nimepika pilau ya kukuaga, nimeazima viti kanisani, nimewaita watu wa baba yako, na mama Saitoti kateremka toka kwetu Nainokanoka na kibuyu chake cha maziwa. Mchungaji akakuambia usimame utoe neno la shukrani kwa wazazi. Ukamshukuru baba yako. Ukawashukuru walimu, ukaishukuru kwaya. Kisha ukasema, kwa sauti yako ile ya kuhesabu maneno, "Na Yeyo, mama yangu, namshukuru kwa kunifundisha kunyamaza. Alinificha dawa nikiwa na vidonda vibichi, nikakaribia kufa, na sikulia." Ukakaa. Vijiko vikasimama. Mchungaji akakohoa akasema tuimbe.

Nilitaka kukuzaba kofi mbele ya mchungaji huyo huyo. Usiku wake nikakusikia jikoni ukimwambia baba yako, "Nikiondoka, sirudi." Wanaokupenda walikupa jina la amani, wewe amani huijui kabisa. Hilo umelitoa kwangu, najua, usinijibu.

Mambo ya kufunika chakula, kuchemsha maji ya kunywa na kuchagua marafiki, shangazi yako atakuambia, anapenda kazi hiyo. Mimi nina jambo moja. Daktari wa Arusha alisema uvimbe ule unaweza kurudi. Hakusema utarudi, alisema unaweza. Ukirudi utakuwa Mbeya, kati ya watu wasiokujua, na ulichokibeba kutoka nyumbani kwangu ni mdomo uliofungwa. Kutorudi kwako kunaniuma. Hili la mdomo linanitisha, na ndilo limenikalisha hapa na kalamu.

Kwanza nijitetee, maana hata mwizi hupewa nafasi ya kusema.

Juni, ulipokuwa unasubiri matokeo ya kidato cha sita, wakakukuta na uvimbe kwenye ovari, mkubwa kama limau. Daktari akasema hawatakupasua tumbo, watatoboa matundu matatu madogo, waingize kamera na vyuma vyembamba, watoe. Moyoni nilicheka. Kwetu ng'ombe hutobolewa shingo kwa mshale, damu ikakingwa, na jioni yuko malishoni anakula. Nikasema, matundu matatu, hiyo ni operesheni gani. Ulipotoka chumba cha upasuaji nikaona plasta tatu zisizozidi kidole, moja kitovuni, mbili pembeni, nikakuona umekunja uso, na kuanzia saa hiyo nikaanza kukudharau kidogo. Naliandika neno hilo kwa mkono wangu: kukudharau.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alikaa nasi na karatasi. Dawa za aina mbili za maumivu. Akasema umeze kwa saa, siku zile za mwanzo, hata kama unajisikia nafuu, kwa sababu maumivu yakishapanda ni kazi kuyashusha. Akasema tumbo lilijazwa hewa ili waone vizuri, na hewa inayobaki huenda ikakuuma begani, usishangae, inuka utembee polepole. Ukikohoa ukumbatie mto tumboni. Ukipata homa, tumbo likijaa, ukitapika, au maumivu yakiongezeka siku zinavyokwenda badala ya kupungua, urudi hospitali siku hiyo hiyo. Nilisikia kila neno. Darasa la saba nilimaliza, kusoma najua. Usije ukamwambia mtu mama yako hakuelewa.

Baba yako alipiga simu toka Serengeti, akiwa na wageni wake garini, akasema ukae Karatu karibu na hospitali. Nikamjibu, "Wewe endesha gari. Mwanamke aliyefunguliwa tumbo anapelekwa kwa mama."

Ndivyo nilivyojua, na sikujua kingine. Kwetu mwanamke akijifungua anachinjiwa kondoo, mafuta yake yanayeyushwa, anakunywa moto moto mpaka tumbo lirudi mahali pake. Mimi nilichinjiwa kwa ajili yako. Kwa tumbo la operesheni hakuna desturi, kwa hiyo nikachukua ile iliyokuwepo. Nikakupandisha mpaka Nainokanoka siku ya pili ya vidonda vyako, katika lile gari la mizigo, umekumbatia mto wa hospitali kwa mikono miwili. Kwenye shimo la kwanza nilikuambia pole. Kwenye la pili nilinyamaza. Kwenye la tatu nikakuambia uache kuugulia, dereva anasikia.

Koko yako, bibi aliyenizaa mimi, akafurahi kukuona, kondoo akachinjwa, mafuta yakawekwa motoni, harufu ikatoka nje. Alasiri wanawake wakaja. Mama Saitoti akasimama mlangoni, akanusa, akatazama sufuria, akakutazama wewe umelala kwenye ngozi umejifunika shuka.

"Huyu si kondoo wa mzazi?" akauliza. "Mtoto yuko wapi?"

Nikamweleza uvimbe, matundu, Arusha.

"Eeh," akasema. "Uvimbe." Akawatazama wenzake.

Ile "eeh" ilinikata kuliko kisu. Kabla ng'ombe hawajarudi, ilishafika madukani kwamba Naserian wa Karatu alibeba mimba ya dereva fulani wa watalii, ikatolewa Arusha, na mama yake amempandisha huku kumfichia. Na nani aliyewatangazia? Kondoo wangu mwenyewe. Ningekupikia uji tu, nani angeuliza kitu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa utetezi wangu unaishia. Siku zile zote ulidhani nakufundisha ujasiri. Wengine walidhani hivyo pia. Nilikuwa nafua jina langu. Nikakutoa kwenye ngozi nikakukalisha kwenye kigoda, kitambaa kichwani, uwamiminie chai. Nikakuambia, "Ukiugulia mbele yao, umekubali maneno yao." Nilitaka wakuone umenyooka mgongo. Msichana aliyetolewa mimba hulala kitandani. Huyu wangu kakaa, anacheka, mnaona? Ukacheka. Nilikuona jasho likikutoka juu ya mdomo katika baridi ile ya ukungu, nami nikakupa kikombe kingine umpelekee mgeni.

Na dawa nikaziweka kwenye kopo la sukari, juu ya meko, usipofika. Nilikuambia utazizoea, utakuwa teja. Koko yako nilimwambia tuziweke akiba, zahanati iko mbali, na kule juu hakuna dawa inayomalizwa, ya mtu wala ya ndama, nusu huwekwa kwa ajili ya siku nyingine. Yote hayo ni maneno. Niliogopa wakikuona unameza vidonge asubuhi, mchana na jioni watasema, si mnaona, huyo anasafishwa. Kwa hiyo ulipata kimoja usiku, wageni wakishaondoka. Karatasi ilisema kwa saa. Karatasi niliikunja nikaikalia.

Siku ya tatu uliniambia, "Yeyo, bega linauma kuliko tumbo."

"Walikupasua bega?"

"Muuguzi alisema hewa..."

"Acha kudeka."

Ukaacha. Hukutaja bega tena, hukutaja tumbo, hukutaja chochote. Nikakaa karibu na moto nikamwambia koko yako, kwa majivuno, unaona alivyotulia, hiyo ni damu yangu. Bibi wa watu akainuka akakufunika shuka.

Damu yangu. Nikuambie kuhusu hiyo damu, maana hadithi uliyokua nayo nimeitengeneza mimi. Umeisikia mara ngapi? Kwamba wewe ulikuja vibaya, nikachanika, mkunga akanishona bila ganzi kwa sababu ilikuwa imekwisha, nami nikauma shuka na sikutoa sauti, na wanawake wakapiga vigelegele vya mtoto na vya mama. Nimeisimulia kwenye vikao, nimeisimulia kibandani, nimekusimulia wewe ulipochomwa mwiba ukiwa na miaka minne. Miaka kumi na tisa nakula sifa ile.

Sasa sikia sehemu ambayo sikusimulia. Sikunyamaza kwa ushujaa. Nilinyamaza kwa sababu mama mkwe alikuwa chumbani, na alikuwa anasubiri nilie aone mwanawe ameoa nini. Na wewe walipokuweka kifuani, niligeuza uso. Siku mbili sikutaka kukutazama. Nilikuwa na maumivu ambayo sikuruhusiwa kuyasema, na nikakuchukia wewe kwa ajili yake, mtoto wa siku mbili. Siku ya tatu nilienda nyuma ya zizi nikalia mpaka nikatapika, nikarudi, nikakunyonyesha, na tangu hapo nikaanza kuwaambia watu kwamba sikulia. Wewe na baba yako mmeishi na mwanamke wa chuma ambaye hakuwahi kuwepo.

Niambie basi, mtu aliyeonja hayo, alipaswa kufanya nini siku binti yake aliposema bega linauma? Hata mjinga angejua.

Siku ya tano koko yako aliniamsha alfajiri. Mlikuwa mnalala ngozi moja. Akasema, "Mtoto huyu anaungua." Nikakugusa. Nikafunua shuka, nikaona kitovu kimevimba, chekundu, kinatoa usaha, na tumbo limekaza. Nikakuuliza tangu lini. Ukasema, "Tangu juzi." Nikakupigia kelele, kwa nini hukusema! Ndiyo, nilikuuliza hivyo, na sauti nilikuwa nayo. Koko yako akanitazama akasema, "Umemfunga mtoto mdomo, halafu unamuuliza kwa nini hasemi." Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wewe hukuwa umeficha. Niliyeficha ni mimi, na kilio kingekuwa changu.

Njia ya kushuka Karatu siielezi. Ulikuwepo, ingawa mara nyingine sina hakika kama ulikuwepo kweli, macho yako yalikuwa yanapotea. Safari hii kwenye mashimo sikukuambia unyamaze. Nilikuambia ulie. Nilikuomba. Na hukulia. Ulikuwa umeshajifunza.

Hospitalini Karatu akaja muuguzi mwingine, yule mnene wa Kiiraqw, akakushika mkono akakuuliza, "Binti, maumivu yako ni kiasi gani, toka sifuri mpaka kumi? Sifuri hakuna kabisa, kumi ndiyo makali kupita yote."

Ukageuza kichwa ukanitazama mimi.

Hukujibu. Ulinitazama kwanza, uone nataka useme ngapi. Umechemka kwa homa, usaha unatoka kitovuni, na unatafuta usoni kwangu namba ambayo haitaniaibisha. Naserian, mimi nimezika baba, nimezika kaka, nimeona ng'ombe wote wa boma letu wakifa kwa ukame. Sijawahi kuona kitu kama macho yako saa ile.

Muuguzi naye aliona. Akanigeukia, "Mama, toka nje."

"Mimi ni mama yake."

"Ndiyo maana nakuambia toka."

Nikasimama nyuma ya mlango, nikasikia unasema, kwa sauti ndogo, "Tisa." Na baada ya hapo nikasikia unalia, ule wa kwikwi, na yule mama akikuambia lia, mwanangu, lia tu, dawa inakuja.

Alipotoka alikuwa na lile kopo langu la sukari mkononi, nilikuwa nimelibeba na vidonge vyake. "Mama, mbona dawa zimebaki hivi? Hizi zilipaswa ziwe zimekaribia kwisha." Akanieleza upya habari ya hewa na bega, kama nilivyoelezwa Arusha, nami nikawaka. Nikamuuliza, "Wewe umezaa wangapi hata unifundishe kuvumilia?"

"Wanne," akasema. "Na nililia kwa wote wanne." Akaingia zake ndani.

Walikusafisha kidonda, wakakuweka dripu na dawa za kuua wadudu, na za maumivu wakakupa kwa saa. Siku ya pili yake ulikuwa umekaa, unakula ndizi. Dawa zile zile, Naserian. Zile zile zilizokuwa juu ya meko, hatua tatu kutoka kichwani kwako.

Imepita miezi minne tangu hapo. Nimekununulia viatu. Nimekuwekea maziwa ya mtindi ya juu, yale yenye mafuta, kila asubuhi. Nimemwambia fundi akushonee nguo mbili badala ya moja. Neno moja sikulisema, maana nilidhani ukishanenepa limeisha. Jumapili ukalisema wewe mbele ya watu, na ndiyo maana nimekasirika hivi, kwa sababu kila ulichosema ni kweli na mimi nilipaswa kukitangulia.

Jumatatu nilimfuata mama Saitoti stendi kabla gari lake halijaondoka. Nikamwambia mbele ya abiria, ni kweli, nilimficha mtoto dawa, na nilimficha kwa sababu yako na mdomo wako. Akanishangaa. "Mimi nilisema nini? Si nilisema 'eeh' tu?" Na ni kweli, Naserian. Alisema "eeh" tu. Nilikaribia kukuua kwa ajili ya "eeh".

Sasa sikia. Ule ulimi ulionichoma nao Jumapili, usiuache hapa Karatu. Ubebe. Uvimbe ukirudi, ukitobolewa tena, na mtu akakuambia vidonda vidogo hivi unalia nini, mwonyeshe ukali, umeurithi kihalali, usiutumie kwangu tu. Karatasi ya Arusha nimeiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, ina mikunjo niliyoikunja mimi. Dawa umeze kwa saa, usizichume moja moja kama mtu anayeiba. Bega likiuma, sema bega. Maumivu yakizidi leo kuliko jana, usingoje bibi wa mtu akuguse usingizini. Amsha watu. Wakiguna, waamshe tena.

Sikuombi urudi. Hiyo ni haki yako, na mimi sina uso wa kuidai. Nakuomba hili moja: siku yoyote, popote, mtu akikuuliza inauma kiasi gani, usinitafute usoni. Taja namba yako. Hata kama nimesimama hapo hapo mlangoni, hata kama namba hiyo inanihusu mimi.

Nisamehe. Nimeliandika, sasa haliwezi kunirudi mdomoni.

Salamu nilizokushikia ni hizi. Asubuhi ulipita na ndoo hukuniuliza nimeamkaje. Najibu hivyo hivyo bila kuulizwa, na sijawahi kumtajia mtu: leo ni tisa.

Mama yako,
Yeyo